Kornelius Amebatizwa, Nami Sielewi

S.L.P. 14,
Rosengard, Manitoba,
Kanada.
3 Juni 1986

Mpendwa mdogo wangu Justina,

Pokea salamu zangu za upendo kutoka huku ambako theluji imekwisha na tope limeshika zamu. Hujambo, mwana wa mama? Macho ya shemeji Heinrich yanaendeleaje baada ya kupasuliwa? Na yule mjukuu wako aliyetanguliza miguu kuja duniani, ameanza kutambaa? Huku twasikia Paraguay mna ukame. Natumaini mvua imewakumbuka kabla barua hii haijafika.

Sisi ni wazima. Magoti yangu yananung'unika kila ninapopanda ngazi, lakini yananifikisha. Sikio la kushoto la Kornelius limekufa kabisa, naye anasema ni rehema ya Mungu, maana ndiko ninakoketi wakati wa chakula. Ngano imeota vizuri. Binti yetu Sara bado yuko Winnipeg, bado hajaolewa, na bado hataki kuulizwa.

Nimechelewa kukujibu, na si kwa uvivu. Kila nikianza kuandika, nikifika penye habari yenyewe kalamu inagoma. Basi niitoe tu: Kornelius amebatizwa. Kama umesimama, keti.

Ndiyo, Kornelius huyu huyu wangu. Unakumbuka alivyotoka kwenye darasa la ubatizo akiwa kijana, kwa kumwuliza Mzee Hiebert kwa nini Mungu anayeona moyo ahitaji tena kuona maji. Mzee akamwambia atoke nje. Kornelius akachukua kofia yake, akatoka, na hakuwahi kurudi. Ndiyo maana tulifungishwa ndoa na hakimu mjini, Baba akakataa kuja, nawe ulilia kuliko mimi niliyekuwa bibi harusi. Kanisa lilinitenga kwa kuolewa na asiyebatizwa, kisha mwaka uliofuata likanipokea tena. Tangu hapo nimekwenda ibadani peke yangu, nikiketi upande wa wanawake na kumwombea mume wangu aliyebaki nyumbani. Hilo ndilo ombi langu lililozeeka pamoja nami. Unalijua, maana kila barua nilikuomba unisaidie kulibeba.

Lakini kuna jambo ambalo sikukuandikia, kwa kuwa sikulijua mpaka lilipoondoka. Jumapili zetu zilikuwa tamu. Nikitoka kanisani nilimkuta ameshapasha supu ya kabichi na kuikata soseji, ananisubiri mezani kama mtu anayesubiri gazeti.

"Haya, leo wamemkaanga nani?" alikuwa akiuliza.

Nami nilikuwa nikimsimulia mahubiri yote, nani alisinzia, nani aliimba juu kupita kiasi, nasi tukicheka mpaka supu inapoa. Nilikuwa namwombea aokoke, Justina, na huku nikirudi mbio nyumbani ili tucheke.

Sasa sikiliza. Mwezi Februari tanuri la kupashia joto kanisa liliharibika. Kwa mashine, hata wale wasiotaka kumwona humwita Kornelius, kwa hiyo akaitwa. Ilikuwa siku ya maombi ya akina mama, na sisi tulikuwa juu tumevaa makoti tukiimba huku tunatetemeka. Yeye alikuwa chini, katika chumba cha tanuri. Joto lilirudi, tukashukuru, tukaenda zetu. Hakusema neno siku hiyo wala wiki zilizofuata. Nilichoona ni kwamba karakana yake imekuwa kimya. Wewe unamjua, hajawahi kufungua nati bila kuitukana pamoja na ukoo wake wote. Nikadhani ni meno yanamsumbua.

Kisha asubuhi moja namenya viazi, akaja akasimama karibu nami, kofia mkononi kama mgeni.

"Neta, nataka kubatizwa."

Unajua nilijibu nini? Mimi, niliyeomba maisha yangu yote kulisikia neno hilo? Nilimwambia, "Umeugua?"

"Sijaugua."

"Basi umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Nilikuwa nafunga bomba kule chini kanisani, ninyi mnaimba juu. Nikajikuta nimeketi sakafuni."

"Halafu?"

"Halafu nikaendelea kuketi."

Nikamsubiri aendelee. Kumbe habari yenyewe ilikuwa hiyo tu. Hakuona nuru, hakusikia sauti, wala hakuota ndoto. Nikarudi kwenye viazi vyangu, nikamenya vingi kuliko tulivyoweza kula. Nilipaswa kupiga magoti nishukuru. Badala yake niliona kama mtu ameingia nyumbani kwangu na kuhamisha vyombo.

Mchungaji wetu wa sasa ni Mzee Penner, mtu mpole mwenye mikono inayotetemeka. Akamwambia Kornelius kwamba hakuna njia ya mkato, lazima akae darasani na vijana. Akakaa. Hebu mfikirie, mtu mwenye mvi kwenye benchi moja na watoto wa juzi, magoti yamegusa kidevu. Binti mmoja wa akina Dueck, mwenye ulimi kama wembe, akamwuliza mbele ya wenzake, "Mjomba Kornelius, wewe umerudia darasa mara ngapi?"

"Mara moja tu, mwanangu," akasema, "ila likizo ilikuwa ndefu."

Walimpenda. Walianza kuja karakanani jioni kumwuliza maswali ambayo wasingethubutu kumwuliza Mzee Penner. Nami niliwapelekea kahawa, nikasimama mlangoni kidogo, kisha nikarudi jikoni. Hakuna aliyenifukuza. Sikujua tu nikiketi niseme nini.

Halafu akaenda kwa kaka yake, Diedrich. Hawakuwa wamesemeshana tangu siku ya maziko ya mama yao, walipogombana kaburini kuhusu nani alimtunza na nani alimtembelea tu. Diedrich akamfungulia mlango, akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Daktari amekwambia umebakiza muda gani?"

"Sifi, Diedrich. Nimekuja tu."

"Mtu haji tu."

"Basi mimi nimekuja tu. Utaniacha nje na baridi hii?"

Alirudi na chupa ya matango ya siki kutoka kwa mke wa Diedrich, na uso kama umeoshwa. Nikampongeza kwa mdomo. Kwa ndani, Justina, nilikuwa nawaka. Mimi ndiye niliyemsihi aende kwa Diedrich miaka na miaka, akakataa. Sasa sakafu ya chumba cha tanuri imemsihi mara moja, ameitika.

Jumapili ya kwanza tulipotoka kanisani pamoja, nilingoja tufike kwenye gari, nikaanza kumsimulia jinsi mhubiri mgeni alivyopotea katikati ya mahubiri kama ng'ombe kwenye ukungu. Nilisubiri kicheko. Akaendesha kidogo, kisha akasema taratibu, "Mimi nilimpenda. Alionekana anatafuta kitu kweli."

Nilitazama nje, mashamba yale meupe hayana mwisho. Kanisani yeye anaketi upande wa wanaume, mimi upande wa wanawake. Nikaona kwamba sasa na ndani ya gari kuna upande wake na upande wangu. Niliomba nipewe mume mpya nikapewa, na hapo hapo nikaanza kumlilia yule wa zamani. Je, hiyo ni dhambi ya jina gani? Nimeitafuta, siioni.

Kuna jingine, na hili ndilo linalonichanganya zaidi. Wiki moja kabla ya Pentekoste, kila mwanafunzi husimama mbele ya kanisa aseme kwa nini anataka ubatizo. Vijana walisema yale yaliyoandaliwa. Kornelius akasimama, akashika benchi la mbele kwa mikono miwili.

"Nimekuwa nje muda mrefu," akasema. "Nilijua sababu zangu zote, na bado nyingine naziona za haki. Lakini nimechoka kuwa mtu aliyekwisha. Kama Mungu bado anatengeneza, basi nipo." Akaketi.

Nami nikajaribu kukumbuka nilisema nini mimi siku yangu. Nakumbuka gauni jeusi tulilolishona na Mama. Nakumbuka viatu vilinibana. Nakumbuka tulikuwa wasichana wengi na kwamba ulikuwa umri wetu. Maneno yangu siyakumbuki hata moja. Nimeketi mlangoni maisha yangu yote nikiwaita walio nje waingie, Justina, na sasa sijui kama mimi mwenyewe nimo ndani au niliota ndoto hiyo tu nikiwa mlangoni.

Pentekoste ikafika. Walipiga magoti kwa mstari, vijana na yeye mwishoni. Mzee Penner akapita na mtungi, na kwa ile mikono yake, alipofika kwa Kornelius maji yote yaliyosalia yalimwagika kwa pamoja, kichwani, shingoni, mpaka ndani ya koti. Na Kornelius akacheka. Si kutabasamu, alicheka kwa sauti, kile kicheko cha mezani kwetu cha Jumapili. Unajua kanisani kwetu hakuna anayecheka. Mzee Penner akashtuka, kisha akampa mkono, akamwambia ainuke aende katika maisha mapya. Wanawake wote waligeuka kunitazama, waone nitafanya uso gani. Sijui nilifanya uso gani. Nilikuwa nalia na sikujua nalilia nini.

Nyumbani nilimpa taulo. Nikamwuliza, "Unasikiaje?"

"Nasikia maji mgongoni."

"Kornelius, nakuuliza kweli."

Akaketi. Nikaona heri niseme kabla ujasiri haujaniacha. Nikamwambia yote: kwamba nimekasirika, kwamba namlilia yule wa zamani, kwamba nilipomsikia akisema vile kanisani niliona wivu, kwamba sijui kama nimewahi kuwa na hicho alicho nacho. Alinigeuzia sikio lake zima asikose neno. Nilipomaliza alijifuta shingo kwa taulo.

"Neta," akasema, "mimi sijui nina nini. Nilidhani wewe unajua. Nilisikia sauti yako kwenye mabomba, ukiimba na meno yanagongana. Nikajiambia, mwanamke huyu kila wiki huenda kwenye baridi hii, lazima kuna kitu anakijua. Nikaja ili uniambie."

Nikasema, "Mungu wangu, na mimi nilikuwa nasubiri wewe uniambie."

Tukatazamana kama watu wawili waliofika kituoni kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mwenye tiketi. Tukacheka, Justina. Kisha hatukucheka tena, akanishika mkono, tukakaa hivyo. Tulitaka kusali, tukashindwa kuamua nani aanze. Hakuna aliyeanza, lakini nadhani tulisali.

Usifikiri kwamba mambo yamenyooka tangu hapo. Siku nyingine naamka nikiwa mwepesi kama msichana, siku nyingine nachukia hata anavyofumba macho wakati wa kushukuru kwa chakula. Bado namkosa yule aliyetukana nati, ingawa juzi trekta la jirani yetu Friesen lilimbana kidole na nikasikia neno moja la zamani likiruka kutoka karakanani. Nilifurahi mno, nikaona aibu, kisha nikafurahi tena.

Jumanne iliyopita nilikwenda kwa Mzee Penner. Nikamkuta anapanda vitunguu. Nikamwambia nataka kukaa kwenye darasa la ubatizo likianza tena.

Akashangaa. "Lakini Neta, wewe ulibatizwa zamani. Mimi mwenyewe nilikuwepo, nilikuwa kijana."

"Najua. Sitaki maji mengine. Nataka kuketi nisikilize kama sijawahi kusikia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sijui, Mzee. Na nimechoka kujifanya najua."

Akafuta mikono kwenye suruali, akawaza. Mwishowe akasema kwamba kanisa halina utaratibu wa jambo kama hilo, ila, kwa kadiri anavyokumbuka, halina pia utaratibu wa kulizuia. Kisha akaniomba nimpitishie vitunguu vilivyobaki, tukavipanda pamoja mpaka mstari ukaisha.

Nilipomwambia Kornelius, alicheka mpaka akakohoa. "Sawa, mwanafunzi," akasema. "Ukishindwa maswali, njoo kwetu sisi tuliohitimu." Nikamtupia kitambaa cha vyombo, akakidaka.

Basi ndiyo habari yangu. Nipe shauri, mdogo wangu, maana wewe ulivuka bahari ukaanza maisha upya, unajua mtu anavyojisikia pale ambapo ya zamani yamekwisha na mapya hayajazoeleka. Je, kwako ilichukua muda? Au bado? Niandikie hata kama huna jibu. Hasa kama huna jibu.

Msalimie sana shemeji Heinrich, na Anna na mtoto wake, na Shangazi Katharina kama bado anawakumbuka watu. Kornelius anakusalimu, anasema umwombee, na kwa mara ya kwanza hasemi kwa mzaha. Sara naye anakusalimu.

Mungu aliyewapa maji jangwani awape na ya leo, awalinde watoto wenu na awafungulie macho, ya shemeji na yetu sote.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nisipojielewa,

Neta