Mlango wa Kushoto wa Gari la Baba

Kinondoni,
Dar es Salaam.
12 Mei 2024.

Mpendwa kaka Mazin,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi Huda na watoto, na kwamba joto la Maskati halijaanza kuwachoma. Huku masika bado yanatupiga. Sie wengine wazima. Mama ndiye anaumwa, nawe unajua, lakini hujui yote.

Barua hii anakuletea Hamisa, jirani yetu wa nyumba ya kona, anayesafiri kesho. Kwenye simu siwezi kusema kitu, maana ukipiga naipokelea kitandani kwa mama, naye anataka sauti iwe kubwa asikie kila neno.

Kwanza nikwambie, maneno uliyonipa siku alipolazwa yaliniuma. Uliuliza tunamlaza mama kwenye nyumba ya namna gani hata kifua kikambana hivyo. Nilikata simu, na sijutii. Godoro lake tulishabadilisha, mazulia tukatoa, chumba tukapaka rangi upya, na bado pumu ilimzidi. Tarehe 30 tulimfikisha hospitali midomo imebadilika rangi. Mpaka leo ninapoandika anapumulia oksijeni.

Daktari aliniuliza, ukiacha nyumbani, mama hukaa wapi muda mrefu. Nikajibu hatoki. Nilikuwa nashuka ngazi nilipokumbuka gari. Mara tatu kwa wiki nilikuwa nampeleka Ukonga kumtazama shangazi Malak, tangu avunjike nyonga. Foleni peke yake saa mbili, vioo tumefunga kwa sababu ya mvua, na mama amekaa mbele kushoto, pale pale alipokaa miaka yote ya uhai wa baba.

Uvundo nilikuwa nausikia, kaka, nisiseme uongo. Zulia la miguuni kwake lilikuwa likilowa. Fundi Didas alishaniambia, "Sista, hiyo ni raba ya kioo cha mbele. Nakupigia silikoni, ishu imeisha." Akapiga, mvua ikanyesha, zulia likalowa vilevile. Nikaona aibu mama kupanda gari linalonuka, nikalifanya tunavyofanya nguo zetu: chetezo ndani, udi, vioo juu, nusu saa nzima. Halafu ndiyo namfungulia mlango apande.

Ijumaa iliyofuata shemeji yako Yazid hakufungua duka. Tulitoa kiti, tukanyanyua zulia. Sifongo ya chini yake ilikuwa nyeusi kwa ukungu, ukiibonyeza inatoa maji. Nilikaa pale pale nikalia, na mume wangu akaniacha nilie.

Tukakausha kila mahali, nikatandaza magazeti, nikajifungia ndani na tochi, yeye nje na mpira wa maji. Alianza chini kwenye matairi, akapanda taratibu, sehemu moja moja, dakika kumi kumi, tusije tukachanganya. Kioo cha mbele, kukavu. Paa, kukavu. "Vipi huko?" anapiga kelele. "Bado!" Alipofika kwenye kioo cha mlango wa kushoto, gazeti likaanza kulowa.

Kumbe mlango wa gari huingiza maji, ndivyo ulivyotengenezwa. Maji huteremka na kioo, huingia tumboni mwa mlango, kisha hutokea kwenye vitundu vya chini. Kinachoyazuia yasimfikie abiria ni nailoni iliyobandikwa nyuma ya ule ubao wa ndani. Tulipoubandua, nailoni ilikuwa imekatwa duara kubwa kama sahani, nyuma ya spika. Kipande kilichokatwa kimejikunja chini, kimeziba vitundu.

Spika zile ulizifunga wewe, ile Idi uliyomaliza kidato cha sita, ukijiita injinia. Najua hukujua. Miaka yote gari lililala bandani, kosa nalo likalala. Mwaka jana tulibomoa banda tujenge vyumba, ndipo mvua ikalipata. Lakini nikikumbuka lile swali lako, natamani ungekuwa mbele yangu nikushikishe ile sifongo.

Kesho yake nilimweleza daktari kila kitu, nikingoja aulaani ukungu. Alinisikiliza, halafu akauliza, "Na huo udi, nani alikuwa anauchoma?" Kaka, nilikosa pa kuweka uso. Mficha maradhi kilio humfichua. Mlango ni wako, moshi ni wangu. Mama alishaanza kubanwa, nami nikamfungia humo humo na moshi.

Didas amebandika nailoni mpya kwa gundi nyeusi, amezibua vitundu, amebadilisha raba ya kioo cha mlango. Sifongo tumetupa. Jana ilinyesha toka asubuhi hadi adhuhuri, nikaenda kupapasa sakafu mara nne. Kavu. Gari limepona, mama bado.

Nilimweleza habari ya spika, akanikataza nisikwambie. Alisema kwa shida, kila neno na pumzi yake, "Alifurahi siku ile, Wahiba. Usimharibie." Kwa hiyo nakuomba usimpigie kumwomba radhi. Atajua nimesema, na hana pumzi ya kunigombeza. Mpigie umwambie tarehe unayokuja. Daktari hajaniambia nikuite. Nakuita mie, kwa sababu naogopa.

Msalimie sana wifi Huda, na watoto uwabusu. Shangazi Malak anakusalimu kutoka kitandani kwake, na Yazid pia. Mwenyezi Mungu akufungulie safari, akufikishe, umkute.

Mdogo wako akupendaye hata akikasirika,

Wahiba