Nilikuwa Natazama Kidole Changu

Bweni la Wasichana,
Chuo cha Uuguzi, Miyuji,
Dodoma.
13 Novemba 1998

Mpendwa Dada Evelina,

Shikamoo dada. Leo nakuamkia mara mbili, moja ya heshima yako ya siku zote na nyingine ya kukutuliza moyo, maana barua yangu ya mwisho najua ilikupandisha hasira mpaka ukanijibu kwa herufi kubwa kama tangazo la mnada. Hujambo lakini? Shemeji Elisante hajambo, na mashine yake ya kusaga bado inamgomea? Na mtoto Hana ameota meno mangapi? Mimi ni mzima, na nikisema mzima leo, dada, namaanisha mzima kwelikweli!

Ile barua niliyosema naacha uuguzi ichane uwashie mkaa. Siachi! Uliniuliza mara tatu kwa nini nataka kuacha mwaka wa mwisho, nami nikakujibu kwamba masomo yamenishinda. Haikuwa hivyo, na leo nitakwambia ilivyokuwa. Ila niache nianze na mambo ya mwezi uliopita, maana nina hamu nayo mpaka mkono unatangulia kalamu.

Mwezi Oktoba tuliletewa semina ya unasihi. Mambo ya siku hizi unayajua, wafadhili wakiingia hata ukumbi wetu unapigwa deki. Kila mtu alipewa kalamu mpya, soda na maandazi, na wengine tulijifanya hatukuhesabiwa ili soda ipite tena. Aliyetufundisha ni mwalimu wetu mwenyewe, Sista Emiliana, muuguzi wa siku nyingi ambaye akipita koridoni hata wagonjwa hukaa vizuri kitandani. Alitaka tujifunze kwa kuigiza. Mmoja awe mnasihi, mwingine awe mtu aliyekuja kupima virusi vya Ukimwi. Mimi nilipewa nafasi ya dereva wa lori, nikafurahi, nikaazima na kofia kwa mlinzi.

Siku yenyewe, msichana aliyepangwa kuwa muuguzi aliyechomwa sindano kazini akaamka na malaria. Sista akaniamuru nivue kofia nishike nafasi yake. Nilijaribu kusema sikujiandaa, akasema hakuna haja ya kujiandaa, nikae tu na kuongea kama mtu aliyechomwa ambaye hajamwambia yeyote.

Mnasihi wangu alikuwa Priska, yule wa Ihumwa ninayelala naye chumba kimoja, aliyekuletea karanga. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza kilichonileta. Dada, nikafungua mdomo, na maneno yakatoka yenyewe! Nikasema jinsi mtu anavyoamka asubuhi na kupapasa shingo kutafuta matezi. Jinsi anavyojipima uzito kila akipita kwenye mizani, na akipungua kidogo anaanza kugawa magauni yake. Jinsi anavyosoma kitabu cha magonjwa na kujikuta katika kila ukurasa. Priska alisahau kila alichofundishwa, akaanza kulia, akanipa soda yake. Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Wengine walipiga kelele kwamba nipelekwe redioni.

Mimi nilitoka nje nikaenda nyuma ya chumba cha kufulia. Sista Emiliana akanifuata, akasimama karibu yangu. Kisha akasema kwamba mtu anayeigiza huwatazama watazamaji, lakini mimi muda wote nilikuwa natazama kidole changu. Hakuniuliza kama nimechomwa. Aliniuliza ni mwezi gani.

Nikamwambia Machi.

Ndiyo hiyo, dada. Machi, wodi ya wanaume, nikikusanya trei za dawa asubuhi, mtu alikuwa amesahau sindano ndani ya pamba, ikanichoma kidole. Ilikuwa imetoka kwa kijana mmoja wa Nzuguni, amekonda sana, ambaye hakumaliza wiki. Niliosha mkono, nikaendelea na zamu, nikanyamaza. Ningemwambia nani? Msichana akisema amechomwa sindano, watu wanauliza ana wapenzi wangapi. Niliona heri nife nikiwa na jina zuri, na mtu anayeona hivyo anaacha chuo kimyakimya akauze mitumba nyumbani. Ndiyo sababu. Na ndiyo sababu Pasaka sikumbeba Hana, nikasingizia mafua, nawe ukanuna siku nzima ukidhani namwonea kinyaa mwanao. Mimi niliyefundishwa kwamba kumbeba mtoto hakuambukizi! Darasani nilijibu swali hilo nikapata alama zote, na mbele ya mtoto wetu mikono ilikataa. Nisamehe dada, nilimtamani mpaka nikaenda kulia chooni.

Sasa sikiliza kilichofuata. Kesho yake Sista alifunga mlango wa darasa, akatuambia wote tufumbe macho, kisha aliyewahi kuchomwa akanyamaza anyooshe mkono. Unanijua tangu utoto, nilifumba jicho moja. Dada, karibu nusu ya darasa! Priska naye, tena mkono umenyooka juu kabisa. Miezi yote hiyo tunalala kitanda cha juu na cha chini, kila mtu anakufa peke yake! Na mbele kabisa, karibu na ubao, Sista Emiliana alikuwa amefumba macho, na mkono wake uko juu.

Tulikwenda kupima kwa makundi, tukiimba njiani kama watu wa harusi. Majibu yangu nimepewa leo asubuhi. Nimepona, dada! Yaani sikuwahi hata kuugua, sina virusi, damu yangu ni safi! Nimekimbia kutoka hospitali mpaka bwenini na viatu mkononi. Priska naye ni salama. Majibu ya wenzetu wengine si yangu kuyaandika hapa, lakini hakuna aliyeacha chuo, na hakuna anayekula peke yake. Tumekubaliana pia kwamba anayechomwa anamwambia mkuu wa zamu siku ileile, na atakayemuuliza habari za wapenzi atapambana na sisi wote.

Nimebakiza jambo moja, na hili linanitoa jasho kuliko lile la kwangu. Pasaka tukiosha vyombo ulinisimulia kwamba tangu uache serikali ukaingia kwenye zahanati ya mtu binafsi hapo Kibaigwa, glavu zinatolewa kwa mama aliyezilipia, na asiyezilipia unamzalisha kwa mikono mitupu. Nikakuuliza kama una michubuko, ukacheka, ukaanza habari ya bei ya mahindi. Kicheko kile, dada, nakijua sana. Nimekicheka tangu Machi. Sista alipotuambia tunyooshe mikono, nilikuona na wewe pale darasani.

Usinijibu kwa barua, maana utaniandikia habari za mahindi. Jumamosi ya wiki ijayo nitakuja na basi la kwanza, ruhusa nimeshapata. Twende pamoja ukapime, na shemeji akitaka aje pia. Majibu yakiwa yoyote, utayasikia mimi nikiwa nimekushika mkono. Mama nyumbani usimwambie mpaka tumalize, akijua leo atafika Kibaigwa kabla yangu.

Priska anakuamkia sana na anauliza kama karanga zilikuwa na mchanga. Wape salamu zangu majirani, na shemeji mwambie nakuja na njaa.

Wewe utaingia ndani kutolewa damu. Mimi nitakusubiri nje, Hana mgongoni.

Ni mimi mdogo wako,
Tumsifu