Nekesa Hakuomba Ruhusa

Wafula, ndugu yangu,

Tulikuzika Jumamosi. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azungushe habari. Jeneza lilifika Webuye salama, mvua ikanyesha kidogo, watu wakala wakashiba. Mimi niliona kwa simu, nimeegesha gari la madam nje ya saluni hapa Al-Murabba, Riyadh. Nilikuwa nimemwomba kafili, bosi wangu anayeshika karatasi zangu, ruhusa ya kusafiri. Akasema mafi, hakuna, nani atapeleka watoto shule? Basi.

Ulikaa sana mochari ya Jeddah. Karatasi moja ilitaka sahihi ya kafili wako, naye alikuwa safarini. Karatasi ya pili ilisubiri ile ya kwanza. Vijana uliokaa nao Ruwais, hukohuko Jeddah, walienda kuuliza mara nyingi hadi mlinzi akaanza kuwasalimia kwa Kiswahili. Sisi wa Manfuha, uliotuacha Riyadh ulipohamia Jeddah, tulikufanyia matanga chumbani kwetu, tukaimba polepole majirani wasisikie. Kitanda chako cha zamani analala Mganda anayekoroma kukushinda. Sikudhani inawezekana.

Sasa binti yako. Ulianguka ukafa Nekesa akiwa ndiyo kwanza amefika Vienna kusoma, hukuyasikia ya wiki zake za kwanza. Alipofika tu, alimpelekea mama msimamizi wa hosteli pasipoti yake amwekee. Mama akashangaa, akamrudishia. Kesho yake akampelekea tena, akidhani jana alikuja wakati mbaya. Wafula, mtoto ana alama za kujaza ukuta, lakini amelelewa na hadithi zetu za simu: ukienda ng'ambo, pasipoti inakaa kwa bosi. Ikawa hatoki bila kuomba ruhusa. Ruhusa ya kwenda dukani. Ruhusa ya kwenda kanisani! Mama wa watu akawa anajibu tu ndiyo, ndiyo, mpaka siku moja akamshika mkono, akamtoa hadi nje ya geti, akamwonyesha barabara, akarudi ndani peke yake. Nilicheka. Halafu nikakasirika, sijui nilimkasirikia nani.

Mengine ni ya kawaida. Profesa akimaliza kufundisha, wanafunzi wanagonga meza. Nekesa alidhani mzee amewaudhi, kumbe ndiyo makofi yao. Na watu husimama kwenye taa nyekundu hata kama barabara haina baiskeli. Ungepapenda. Riyadh nzima ni wewe peke yako uliyekuwa ukifanya hivyo, na sisi nyuma tukikupigia honi.

Ulipokufa aliniuliza, "Anko, naruhusiwa kwenda kumzika?" Nami nilikuwa nimebeba neno lako. Siku aliyopanda ndege ulimwambia kwa simu, nami nikiwa kwenye laini hiyohiyo: "Usirudi mpaka umalize, hata ukisikia nimekufa." Ulisema ukicheka, lakini ulirudia. Najua ulichoogopa. Wewe ulitoka shule kwenda kumzika baba yako, na hukuliona darasa tena. Kwa hiyo nikamwambia neno la baba ndilo hilo. Akasema, "Sawa, Anko." Sikuipenda ile sawa.

Mama yake akanipigia: nani atatangulia kutupa udongo, na huyu ndiye kifungua mimba? Nikamjibu atatupa mdogo wake. Kwenu haiendi hivyo, najua. Lakini ningefanyaje?

Wiki ya mazishi simu ikaita, nasikia kelele za uwanja wa ndege. "Anko, niko Nairobi." Nikamuuliza kwa ukali amemwomba nani. Akanikatiza: "Sijaomba. Nakujulisha tu." Wallahi nilikasirika, nikaegesha gari kando. Neno la marehemu, Wafula! Na nikaona kabisa yale uliyoyaogopa: matanga yataisha, atabaki kumsaidia mama, mwezi utapita, na mwingine, na hiyo ndiyo itakuwa halas, mwisho wa shule.

Jumamosi nikamwona. Amevaa koti zito la Vienna kwenye jua la Webuye, amechota udongo kwa mkono, akatupa. Mdogo wake akafuata. Nekesa akabaki amesimama pale ukingoni, wachungaji wakamsubiri. Hapo nililia, ndugu yangu. Nimekukosa vibaya. Madam alitoka saluni akanikuta hivyo, akakaa nyuma, hakuniambia hata yalla, twende.

Jumatatu sikumpigia simu. Niliogopa jibu. Jumanne akaniandikia mwenyewe: amefika Vienna, kuna baridi, amechelewa darasani, tutaongea. Hakuna salamu ndefu wala nini. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya Mganda.

Kwa hiyo lala. Nakuahidi, siku akitaka baba wa kugombana naye, atanipata. Nitamkataza yote ambayo ungemkataza, na kwa sauti yako kabisa. Naye atafanya anavyotaka, kisha atanijulisha.

Kwaheri, Wafula.

Mutiso