Kitabu cha Nne

Kwako kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na wale watundu wenu wawili, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho kimepona. Huku hatujambo, ukiacha mgongo wangu, ambao cherehani imeamua kuumaliza. Mama mdogo anakusalimu. Bado analalamika kwamba ulikaa siku tatu na hukula kitu. Nimemwambia hata mimi sijala, mbona halalamiki juu yangu. Unamjua.

Kaka, ulipofika, siku mbili baada ya mazishi, ulisimama mbele ya rafu ya Baba ukaniuliza mbona vitabu vinane havina vumbi, ila kile chako, cha nne, kinalo. Nikakujibu kwamba muda haukutosha. Ukaniuliza tena kama Baba alikuulizia. Nikasema alikuwa analala sana. Siku ya tatu ukafunga begi lako ukaondoka. Barua hii nimeiandika mara nne nikaichana. Leo sichani.

Nieleze kidogo habari za vitabu, wifi akiisoma asije akadhani tumerukwa na akili. Ni riwaya tisa za mwandishi mmoja, za falme na majini na mto unaokumbuka majina ya watu. Kila moja inajitegemea, lakini mtu anayepita njia kwenye hii unamkuta mfalme kwenye ile. Ubishi wa wapenzi wake ni mmoja tu: usome kwa mfuatano alioutoa mwandishi, au kwa mfuatano wa miaka ndani ya hadithi. Baba alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, yaani kuvishona na kuvitia majalada, akavijalidi vyote tisa kwa mkono wake. Mgongoni aliviwekea matuta ya uzi, kwa mpangilio wa mwandishi: cha kwanza tuta moja, cha pili mawili, hivyo hivyo hadi tisa.

Macho yake yalipokwisha kabisa, na daktari akasema figo hazitamfikisha mwisho wa mwaka, alitaka kitu kimoja: avisikie vyote mara ya mwisho. Nikitoka kazini, nikishampikia na kumwogesha, nilikaa kwenye kile kiti chenye mguu mbovu nikamsomea. Alitaka tufuate mpangilio wa mwandishi. Alisema kile ambacho mwandishi alikificha hadi kitabu cha sita alikificha makusudi. Halafu akasema kwamba tukifika cha nne, Mvushaji, nikuite uje ukisome wewe mwenyewe. Alikumbuka ulivyokuwa ukimwigizia sauti ya yule mama wa kivuko, ukiwa na miaka kumi na miwili, mpaka anatokwa na machozi kwa kucheka. Alisema kile kitabu hakiendi na sauti yangu.

Mimi nikasema hapana, tufuate miaka. Nikamweleza kwamba hivyo mambo yatamwelea vizuri zaidi, hatachanganya babu na mjukuu. Na kwa miaka, Mvushaji ni cha mwisho kabisa. Akasema haya, wewe ndiye mwenye macho.

Tukasoma miezi mitano. Karibu kila jioni aliuliza kama tumekaribia kwa Mvushaji. Nami nikasema bado. Wewe ukapiga simu kila Jumapili ukauliza uje, nikakwambia anaendelea vizuri, usiombe ruhusa kazini bure.

Tulipomaliza vyote vinane, kilibaki chako tu. Siku hiyo niliharibu mikono ya mashati sita kazini. Nilipofika nyumbani nikavuta kitabu cha pili, tulichokimaliza zamani, nikamwambia ndicho kinachofuata. Nilijidanganya kwamba zile dawa zimemtia usahaulifu, hatajua.

Aliomba akishike kwanza. Kidole gumba chake kikapita tuta la kwanza, kikapita la pili, kikaendelea kutafuta la tatu. Kaka, la tatu halikuwapo, wala la nne. Alinirudishia kitabu, akasema haya, soma.

Nikasoma. Siku ya tatu niliruka sentensi, akanisahihisha kwa upole, neno kwa neno, kutoka kichwani mwake. Nikajua kwamba anajua, na bado nikaendelea kusoma. Tangu siku ile hakuuliza tena habari za Mvushaji. Alifariki tukiwa ukurasa wa mia na kumi na mbili wa kitabu cha pili, tukikisoma kwa mara ya pili.

Sitaki kujitetea kwa habari za mpangilio. Miaka mitano nilimlisha, nikambadilishia mashuka, nikamsomea kurasa ambazo hata idadi siijui, na hakucheka hata siku moja. Nilijua ungeingia na begi lako, ungefungua kinywa, na Baba angecheka. Sikutaka kuwa mlangoni nikisikia kicheko hicho. Nilikuwa na wivu, kaka. Wivu tu, wala hakuna jina lingine.

Basi jibu la swali lako ni hili: alikuulizia. Alikuulizia karibu kila jioni, mpaka nilipomnyamazisha.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Pamoja na hii nakutumia Mvushaji. Sikukifuta vumbi, na ile kamba ya alama iko ukurasa ule ule ulipoiacha utotoni.

Mpe wifi salamu zangu, na watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Ukiwasomea, wasomee kwa ile sauti.

Ni mimi, mdogo wako,
Sindano