Mashini Inachunga Yote

Mjini Baraka, siku ya ine, mangaribi

Na mi nikajisifu! Wiki mbili nilihangaika kuunganisha faksi ya biro yetu ya kutumia watu barua na komputa, ili barua zisipotee tena kila jenereta ikizimika. Leo imekubali. Nilifurahi kama mutoto.

Halafu komanda wa askari wa hapa akaingia, akasalimia vizuri, akakaa.

«Barua yenye imekwisha kwenda, nakala inabakia humu?»

«Zote, chef. Hata za mwezi uliopita.»

Mudomo yangu hii! Za mwezi uliopita, ndani iko ile ya mama Riziki, muganga wa hospitali ya Nundu, yenye majina ya waliouawa na ya askari wake waliowaua.

Nikasema haraka kwamba karatasi ya kuchapia imekwisha.

Akacheka. Tukatoka, akafunga mulango wa biro mwenyewe, akatia ufunguo mufukoni.

«Usijali, ndugu. Kesho nitaleta karatasi.»