Nilisimama Barazani na Jibu Mfukoni

Jumatano, jioni. Walukuba, Jinja.

Mvua imeanza saa nane mchana na bado inaendelea. Bati la nyumba hii linapiga kelele mpaka mtu hasikii mawazo yake, na leo nashukuru kwa hilo.

Nimetoka kazini saa kumi. Kichwa kinauma, vidole vinatetemeka ninapobonyeza simu, na chai niliyochemsha imepoa bila kunywewa. Leo ni siku ya tatu sijaweka ugoro chini ya mdomo. Usinipongeze bado. Subiri nimalize kuandika.

Mimi ni askari magereza. Naandika hapa kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya kazi yangu, na pia, niseme ukweli, kwa sababu mke wangu haisomi. Kwao Mbale wazee wakisikia Kiswahili wanakumbuka magari ya jeshi yaliyowatesa, na watoto wao hawakuwafundisha. Kwa hiyo blogu hii imekuwa maficho mazuri. Humu nimeandika habari za mpira, za mvua, za mishahara kuchelewa. Hili sijawahi kuliandika.

Mke wangu alipokuwa na mimba ya Amuge, mwanetu, harufu ya sigara ilimfanya atapike. Nikaacha sigara ndani ya siku moja. Ukoo mzima wa wakwe ulinisifu. Shemeji zangu walianza kunitaja wakigombana na waume zao, kwamba mwangalieni yule Mteso, si wa kabila letu hata, ameacha kwa ajili ya mtoto hata hajazaliwa.

Wasichojua ni kwamba wiki ileile nilihamia ugoro. Hauna moshi, hauna harufu ya kushika nguo. Unaweka kidogo kati ya mdomo wa chini na fizi, unafunga kinywa, unaendelea na kazi. Nilijiambia kwamba niliahidi kuacha sigara, na sigara nimeacha.

Na kama hiyo haitoshi, mimi ndiye mwalimu.

Kila Ijumaa nawafundisha wafungwa habari za tumbaku. Niliwahi kupelekwa semina, nikarudi na karatasi kubwa ya manila yenye mchoro wa mtu na moyo wake mwekundu. Nasimama mbele yao na fimbo. Nawaambia nikotini haihitaji moshi, inapita kwenye ngozi laini ya kinywa na kuingia kwenye damu, na baada ya muda mfupi iko kwenye ubongo. Moyo unaenda mbio, mishipa inabana, presha inapanda. Ubongo unapata raha kidogo, kisha unajifunza kuidai, na ukiunyima unakupa hasira, kichwa kuuma na mikono isiyotulia. Nawaambia pia kwamba kile kidogo kinachomchangamsha mtu mzima, kwa mtoto mdogo ni sumu. Kwanza kinamchochea, kisha kinamzima. Dalili nazijua kwa mpangilio: mate kujaa, kutapika, kuwa mweupe usoni, jasho, kutetemeka, halafu kulegea.

Hayo yote nayasema nikiwa na ugoro chini ya mdomo.

Ijumaa iliyopita, baada ya somo, nilimpekua mfungwa mmoja, mzee wa Bugiri, nikamkuta na kavera ndogo, kimfuko cha plastiki, ya ugoro imefungwa vizuri. Sheria ni kuandika na kuteketeza. Nikamgombeza mbele ya wenzake, nikamtuma kufyeka nyasi kwenye jua. Kavera nikaitia mfukoni mwangu. Sikuiandika popote.

Jumapili nilitoka zamu ya usiku nikapanda gari moja kwa moja kwenda Nakaloke, nyumbani kwa mama mkwe. Mama Amuge yuko huko na mtoto, wanamsaidia mama yake kuvuna maharage.

Lazima nieleze jambo moja kwa asiyejua. Kwa Wagisu, kabila la mke wangu, mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawakai chumba kimoja wala hawapeani mkono. Hata maneno yanapitia kwa mtu mwingine. Nina miaka sita ya ndoa, na mama mkwe namjua kwa sauti yake nyuma ya mlango na kwa leso yake inapopotea kwenye kona ya nyumba. Nikifika pale nakaa kwenye kibanda cha shemeji yangu, upande wa pili wa uani. Huwa naiheshimu sana desturi hiyo. Watu wananisifu kwa hilo pia.

Nilitundika koti la sare kwenye kiti, nikalala.

Amuge ana mwaka mmoja na miezi kumi. Koti lile analijua kuliko anavyonijua mimi, maana kila nikija kuna peremende kwenye mfuko wa kushoto. Mimi ndiye niliyemfundisha kutia mkono humo. Namshikia koti, anachimba, anapata, tunacheka wote. Jumapili nilikuwa na usingizi, nikapita maduka bila kununua peremende. Kwenye mfuko wa kushoto kulikuwa na kavera.

Nikaamshwa na sauti za wanawake. Mtoto alikuwa anatapika mikononi mwa bibi yake, mate yanamtiririka mpaka kifuani. Mmoja akasema ni jua, mwingine akasema ni malaria. Mama Amuge na mama yake wakapanda boda na mtoto katikati, wakaenda zahanati moja ya Nabuyonga ambako wanamfahamu daktari. Mimi nikavaa koti langu, nikafuata na boda nyingine. Nyuma kwa umbali, kwa heshima.

Njiani mkono wangu uliingia mfukoni kutafuta ugoro.

Naomba niiandike tena ili nisijidanganye. Mtoto wangu anatapika kwenye pikipiki iliyo mbele yangu, na mkono wangu unatafuta ugoro. Sikuuamuru. Ulikwenda wenyewe, kwa sababu nilikuwa na wasiwasi na mwili wangu umezoea kupewa dawa hiyo kila ukiwa na wasiwasi. Vidole vikakuta kavera imetafunwa upande mmoja. Ilikuwa karibu tupu, na ilikuwa na mate.

Kwa hiyo nilijua. Nilijua kabla hatujafika Nabuyonga.

Zahanati ile ina chumba kimoja cha kumwona mgonjwa. Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani na mtoto mapajani. Nikasimama barazani, mgongo ukutani, mlango ukiwa wazi. Kila kitu nilikisikia. Daktari, msichana mdogo tu, akauliza mtoto amekula nini. Mama Amuge akasema uji na kipande cha parachichi. Daktari akasema wapime malaria. Wakamchoma kidole, akalia kidogo, kilio kisicho na nguvu.

Nikaanza kujipa sababu. Nilijiambia siwezi kuingia, mama mkwe yumo, nitamvunjia heshima mbele ya watu, na Wagisu hawasahau. Nikajiambia nitamwita Mama Amuge atoke, kisha sikumwita. Nikajiambia huenda ni malaria kweli. Mimi mwenye karatasi ya manila! Nilisimama pale nikimwomba Mungu mtoto wangu awe na malaria.

Desturi ile ni nzuri na haina kosa. Mimi ndiye niliyeigeuza ukuta wa kujificha.

Majibu yakarudi hakuna malaria. Daktari akasema vipimo hukosea, ataandaa sindano ya malaria hata hivyo. Hapo ndipo nikamsikia mama mkwe akisema kwa Kigisu kwamba mtoto ameanza kulegea. Hilo ndilo neno la mwisho kwenye orodha yangu ya Ijumaa.

Nikaingia.

Mama mkwe akajifunika uso kwa leso, akageukia ukuta, lakini mtoto hakumwachia. Nikamwekea daktari kavera mezani. Nikasema, "Amekula hii. Ni ugoro."

Daktari akaangalia kavera, akaangalia sare yangu. "Afande, hii ya nani?"

"Ya mfungwa. Mi nilimnyang'anya Ijumaa, nikasahau kwa mfuko."

"Umejua saa ngapi?"

"Sasa hivi."

Angalia nilivyo mwerevu. Jibu la kwanza lilikuwa kweli kabisa, na bado lilikuwa uongo. La pili lilikuwa uongo mtupu.

Daktari hakupoteza muda. Sindano ya malaria ikawekwa kando. Akamlaza mtoto kwa ubavu, akamsafisha kinywa, akamtundikia maji, akapiga simu hospitali kubwa ya mjini na gari likaja. Huko wakampa oksijeni na kumkalia karibu. Walisema nikotini haina dawa ya kuifuta, unausaidia mwili wa mtoto kupumua mpaka sumu ipungue yenyewe. Waliniambia mimi nisubiri nje.

Nikasubiri nje. Na huko nje, mtoto akiwa na mpira wa oksijeni puani, nikatembea mpaka kwenye stendi ya boda, nikaomba ugoro kwa kijana mmoja, nikaweka. Moyo ukatulia. Nikahisi nafuu. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia ndani ya nafuu ile.

Jua lilipokuwa linazama Amuge alifungua macho akaomba maji. Jumatatu asubuhi waliruhusiwa kurudi Nakaloke, nami nikarudi kazini Jinja.

Sasa sikia kilichonileta kuandika. Jana Mama Amuge alinipigia simu, sauti imejaa furaha. Kumbe kwa kuingia chumba kile nilistahili kutozwa faini, mbuzi wa kumtuliza mama mkwe. Wazee walikaa kulizungumza. Mama mkwe akawakatalia. Akatuma ujumbe kupitia kwa binti yake: "Muambie hakuna mbuzi. Mtu aliingia kwa ajili ya mtoto. Mwingine angeona haya, yeye hakuona haya."

Nikasema asante.

Nimesamehewa kosa ambalo halikuwa kosa. Lile lenyewe, la kusimama, hakuna anayelijua.

Leo asubuhi nilipita uwanjani, yule mzee wa Bugiri bado yuko kwenye nyasi, adhabu yangu haijaisha. Alisimamisha fyekeo akanivulia kofia. "Pole afande. Tumesikia mtoto." Alinitazama mdomo wa chini, kisha akaendelea kufyeka. Nadhani amejua siku nyingi. Nadhani wengi wao wanajua. Mchana nilimwondoa kwenye kazi ile, lakini sikumwambia kwa nini.

Saa kumi na moja, mvua ikiwa imepamba moto, nikampigia simu Mama Amuge. Nilitaka kungoja arudi Jumamosi, halafu nikaona hicho nacho ni kibaraza kingine. Nikamwambia yote. Ugoro tangu mimba. Mkono njiani. Baraza. Hata stendi ya boda.

Nikamsikia akitoka nje, mbali na sauti za wenzake.

"Baba Amuge," akasema, "ule muda wote daktari nauliza sisi parachichi, parachichi, wewe iko hapo kwa mlango?"

"Ndiyo."

"Unasikia?"

"Nasikia."

Akaanza kulia, si kwa sauti. Nikamwambia anisaidie kumweleza mama, maana mimi siwezi kuongea naye. Nilisema hivyo kweli. Kinywa changu kilikimbilia desturi ileile kabla sijafikiri, kama mkono ulivyokimbilia mfuko.

"Hapana," akasema. "Mimi sibebi hiyo maneno. Mama atakaa nyuma ya mlango, wewe utasimama uani, utasema mwenyewe." Akakata simu.

Kwa hiyo Jumamosi nakwenda Nakaloke, na nitakwenda na mbuzi. Watashangaa, watasema mama alishakataa faini. Watafikiri nimeleta kwa heshima na watanisifu tena, nawajua. Itanibidi niwakatize kabla sifa hazijaanza. Itanibidi niseme kwa sauti itakayopita kwenye mbao za mlango kwamba mbuzi huyu si wa kuingia kwangu.

Ni wa muda wote niliosimama nje.