Jina la Mkubwa na Panya Viziwi

Jumatatu, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo wewe, na shemeji, na wanangu? Mimi mzima, ila magoti siku hizi hayapandi ngazi za maabara bila kunung'unika.

Barua yako nimeisoma mara tatu na haijanikaa sawa. Umeniita Profesa Mheshimiwa. Wewe! Tangu utoto mimi kwako ni Kaka Panya. Tena baada ya ukimya wa miaka, ghafla unaniambia nyumba ya baba imepakwa rangi, kesi iliyonikimbiza nchi imefutwa, na gari litanipokea uwanja wa ndege. Vyaelea vimeundwa, nami nikaanza kumtafuta fundi.

Kamati yetu hutoa majina ya jeni za panya wa maabara. Jeni moja, jina moja, ili anayeandika huku na anayesoma kule wasipishane. Na jina la mtu hatutoi, awe nani. Wiki moja kabla ya barua yako, maabara kuu ya huko nyumbani iliomba jeni waliyodai kuigundua iitwe kwa jina la Mkubwa wa nchi. Wewe ni fundi cherehani. Nani alikwambia kwamba uamuzi ni mwezi huu, hata ukanisihi nisiwe mgumu?

Mwenyekiti wetu, mama asiyecheka ovyo, aliisoma barua yako akaniambia, mzee, wakikutumia tiketi, angalia kama ina safari ya kurudi.

Nikailinganisha jeni yao na zilizosajiliwa. Si mpya. Ina jina lake siku nyingi, nayo ni ya kusikia: panya anayezaliwa bila hiyo ni kiziwi, hata umpigie sufuria masikioni. Mhudumu wa panya alipoambiwa ni jina la nani lililoombwa, alishika mbavu, akasema hapo kwa kweli wamelenga.

Sasa nikwambie la moyoni. Nilishawishika kulipitisha ombi lao. Faili lilikuwa langu, na wenzangu huniamini. Siku mbili niliiona baraza yetu, kaburi la mama, na wewe umebana pini mdomoni. Jana nikaandika kwamba ombi limekataliwa, jina la zamani libaki. Sahihi ni yangu.

Kama uliandika kwa hiari yako, nisamehe kwa kukushuku. Kama kuna mtu aliyesimama nyuma ya kiti chako, msomee hii, aone kwamba ulijitahidi, ila kaka yako ni mkaidi.

Nibusie watoto. Shemeji mpe salamu zangu zote. Nyumba kaeni nyinyi. Mimi sitarudi.

Kaka yako